Kangaga lipi lipandwe nyuma ya nyumba, na lipi liingie chunguni

Mama aliponiuliza kwa simu kutoka Lushoto kama nimeshakula, nikamwambia nimepika makangaga. Kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, huko Kanada mmekosa mboga kiasi hicho?"

Sikumlaumu. Kwetu Usambara kangaga ni gugu la shamba lililochoka. Linavamia mteremko uliochomwa moto, linasimama hadi kiunoni, na mwenye ng'ombe hapendi mnyama wake alikaribie. Sasa binti yake yuko Fredericton, jimbo la New Brunswick, na kila ikifika Mei anayanunua makangaga sokoni kwa ratili, kama mtu anayenunua maharage.

Mama alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi. Tulikuwa tunazungumzia mimea miwili iliyobanwa ndani ya neno moja. Neno hilo ndilo linalowasumbua wenzetu wengi waliohamia huku, wawe Moncton, wawe Fredericton, wawe ng'ambo ya mpaka kule Portland na Lewiston katika jimbo la Maine, Marekani. Mtu akishapata nyumba yenye kiwanja, anagundua upande wa nyuma jua halifiki. Nyanya hazikomai, mchicha unarefuka bila majani. Anawauliza majirani apande nini, nao wanamjibu: panda kangaga. Lipi, hawamwambii.

Basi nayalinganisha hapa manne. Matatu utayakuta kwenye vitalu vya miche, na la nne hulipandi, linakujia lenyewe.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo makosa yanapoanzia. La kwanza kitaalamu ni Matteuccia struthiopteris. Sehemu ya pili ya jina inatokana na mbuni, kwa sababu makuti yake yanafanana na manyoya ya ndege huyo; sehemu ya kwanza ni heshima kwa Carlo Matteucci, mwanafizikia wa Italia. Nitaliita kangaga mbuni. La pili ni Athyrium filix-femina, kangaga jike. La tatu ni Dryopteris filix-mas, kangaga dume. Msidhani hawa ni mke na mume. Hawamo hata katika jenasi moja. Watu wa kale waliona moja jembamba na laini, lingine nene na gumu, wakayabatiza hivyo. La nne ni Pteridium aquilinum, la tai, na hilo ndilo la mama yangu. Ndilo lile lile lililoko Usambara, Kilimanjaro na milima ya Kenya, na ndilo lililoko huku kando ya barabara za msituni.

Majina ya mitaani usiyategemee kabisa. Wafini, kwa mfano, kangaga mbuni wanaliita kotkansiipi, yaani bawa la tai. Mswahili wa Helsinki akisoma maandishi haya kisha akaenda kuuliza kangaga la tai, anaweza kuletewa la mbuni, na kinyume chake. Kwenye kitalu soma lile jina refu la Kilatini kwenye kibao cha mche. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilinunua vyungu vitatu vilivyoandikwa "kangaga" tu, nikavipanda kwa furaha nikisubiri kula. Yalikuwa majike matupu.

Maji kwanza, uzuri baadaye

Watu huchagua kwa picha. Ningekuwa mimi, ningetoka nje siku mbili baada ya mvua nikaangalia ni wapi udongo bado una unyevu.

Kangaga mbuni asili yake ni kingo za mito na mabonde yanayofurika. Hapa kwetu mto Saint John, ambao wenyeji wa asili Wawolastoqiyik wanauita Wolastoq, hufurika kila theluji inapoyeyuka, na maji yakishaondoka machipukizi yanachomoza kwenye tope jipya. Ukilipa mazingira yanayofanana na hayo, yaani kivuli chepesi na udongo mweusi wenye mboji usiokauka, linafika mita moja na nusu. Makuti yanasimama kwa duara, wazi juu na jembamba chini, kama pakacha lililowekwa chini wima. Baridi halijali. Nyuzi 40 chini ya sifuri linalala chini ya theluji na kuamka kama hakuna kilichotokea. Ukame ndio adui yake. Agosti ikiwa kavu, makuti yanaungua pembeni, yanakuwa ya kahawia na kuchanikachanika, na bustani yako inaonekana kama paa la makuti lililopigwa na kaskazi miaka kumi. Halijafa, lakini mgeni hatakuamini.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba linatembea. Chini ya ardhi linatoa vijishina vinavyotambaa, na mwaka unaofuata unaona kichwa kipya hatua moja mbali na mama yake, kisha kingine. Kwa mwenye kiwanja kikubwa chenye bonde hiyo ni baraka, maana unanunua miche mitano na baada ya miaka michache unagawia mtaa mzima. Kwa mwenye kipande cha mita mbili kwa tatu kando ya maua ya jirani, hiyo ni kesi. Mwanzoni mwa majira ya machipuko pita na sepeto, kata vinavyovuka mpaka, vitie kwenye chungu, mpe mtu.

Kangaga jike lina adabu zaidi. Linabaki kwenye shina lake, linapanuka polepole, urefu wake kwa kawaida ni sentimita 60 hadi 90. Nalo linapenda unyevu, lakini linavumilia kuliko mbuni. Kwa macho yangu ndilo zuri kuliko yote manne: makuti yamekatwakatwa laini kama lesi ya kitambaa cha mezani. Kuna aina iitwayo 'Lady in Red' yenye mabua mekundu, na jua la asubuhi likiyapiga unasimama na kikombe chako cha chai unasahau kunywa. Kama hutaki kula, na una sehemu ndogo, ishia hapa, usisome zaidi.

Kangaga dume ni la watu wenye kivuli kikavu, na wengi wenu mnacho bila kujua: chini ya mti mkubwa unaonyonya maji yote, au chini ya upenu ambako mvua haifiki. Pale mbuni litakufa kiu na jike litadhoofika, lakini dume, likishashika mizizi kwa msimu mmoja au miwili ya kumwagiliwa, linasimama. Lina urefu wa kati ya nusu mita na mita moja na ushei. Halisisimui, lakini ni kama lile sufuria zito la bibi: halipendezi mezani, na bado ndilo linalobaki vingine vikishaharibika.

La tai usilipande. Mizizi yake inakwenda chini sana na mbali sana, moto hauiui, jembe linaigawa tu ikazaa zaidi. Utalitambua kwa namna linavyosimama. Makuti yake hayatoki kwa duara kwenye kisiki kimoja. Kila kuti linachomoza peke yake ardhini, kisha linagawanyika matawi matatu, umbo la pembetatu, na linapenda uwazi na udongo mkavu. Ukiliona kwenye kiwanja, kata kila linapochomoza, mwaka hadi mwaka, mpaka akiba yake chini iishe. Mama anasema Lushoto hawajawahi kulimaliza.

Chunguni

Hapa ndipo ulinganisho unapogeuka kutoka mambo ya bustani ukawa mambo ya afya, na hapa sina upole: kati ya manne haya, ninalokushauri ule ni moja. Ni kangaga mbuni, na si makuti yake yaliyofunguka bali chipukizi la machipuko likiwa bado limejikunja. Wenyeji wanalifananisha na kichwa cha fidla. Mimi naona mkia wa kinyonga, na nyumbani kwetu ndivyo tunavyoyaita: mikia ya kinyonga.

Wawolastoqiyik na Wami'kmaq waliyala kwa vizazi kabla ya mzungu kufika kwenye mito hii, na wakawaonyesha waliokuja. Leo ni mboga ya heshima ya msimu. Kijiji cha Tide Head, kaskazini mwa New Brunswick, kinajiita mji mkuu wa dunia wa mboga hii. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni utaona watu wamesimamisha magari kando ya barabara wakiuza mifuko.

Mwaka wetu wa kwanza nilinunua mfuko mmoja, nikaupika kama mchicha: kitunguu, mafuta, geuza mara mbili tatu, epua kikiwa bado kibichi kibichi ili rangi isipotee. Usiku ule mume wangu na mimi tuligombea choo mpaka alfajiri. Muuzaji hakusema kitu, nami sikuuliza. Nilidhani mboga ni mboga.

Baadaye nikajua hatukuwa wa kwanza. Mei 1994 watu waliugua katika jimbo la New York na magharibi mwa Kanada baada ya kula machipukizi haya mikahawani yakiwa mabichi au yamekaangwa juu juu. Mikahawa mingine iliyoyachemsha dakika 10 kabla ya kuyakaanga haikuwa na wagonjwa. Kichefuchefu, kutapika, kuhara na tumbo kunyonga huanza kati ya nusu saa na saa 12 baada ya kula. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, lakini kwa mtoto mdogo au mzee maji yanayopotea mwilini si jambo la mzaha. Sumu yenyewe wanasayansi hawajaitambua ni ipi. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukupimia kuwa "kiasi hiki kibichi hakidhuru". Ulinzi uliopo ni moto na muda.

Kwetu hili si geni. Nani anatafuna kisamvu kibichi? Tunakiponda, tunakichemsha mpaka jirani anajua tunapika nini, na hatuoni kuwa ni adhabu. Mihogo michungu tunailoweka. Ila tukifika ugenini tunaona mboga ya kijani yenye sura ya upole, tunasahau adabu tuliyofundishwa jikoni.

Utaratibu ni huu, na unalingana na wanavyoelekeza Wizara ya Afya ya Kanada na wataalamu wa ugani wa Chuo Kikuu cha Maine. Ondoa maganda ya kahawia kwa vidole; yakiwa makavu yanatoka kama karatasi, hivyo fanya hivyo kabla ya kulowesha. Osha kwa maji baridi, mwaga, osha tena, mara kadhaa. Kata ncha ya bua iliyokuwa nyeusi. Tia kwenye maji mengi yanayochemka yenye chumvi kidogo, na hesabu dakika 15 tangu maji yaanze kuchemka tena. Ukipika kwa mvuke, dakika 10 hadi 12, mpaka yalainike. Maji yatakuwa ya kahawia. Yamwage. Usiyatumie kwa mchuzi, usinywe, usiseme ni supu yenye vitamini.

Baada ya hapo, na si kabla, ndipo unakaanga, unaoka, unaunga. Wenyeji wanatia siagi na siki kidogo. Mimi nakaanga kitunguu na kitunguu saumu, natia nyanya moja, nyanya ikiiva naweka mikia yangu ya kinyonga iliyokwisha kuchujwa, namalizia kwa tui zito na ndimu. Ladha yake iko karibu na maharage mabichi ya kijani, na pembeni kuna kitu kinachokumbusha bamia isiyoteleza. Kwa ugali inakaa vizuri. Kwa wali, hapana. Mume wangu anabisha.

Ya akiba nayo yana sheria yake. Tokosa dakika 2 tu, mwaga maji, tumbukiza kwenye maji ya barafu, kausha, tia kwenye friza. Yanakaa hadi mwaka. Lakini zile dakika 2 ni za kuhifadhi, si za kupika. Siku ukiyatoa, unaanza upya: dakika 15. Nimeona watu wakikosea hapo kuliko mahali pengine popote, maana yakitoka kwenye friza yanaonekana yameshaiva. Kuyatia kwenye chupa na kuyafungia nyumbani bila maelekezo yaliyopimwa, usithubutu.

Kulitambua kabla halijafunguka

Tatizo ni kwamba Mei makangaga yote yamejikunja, na mkia wa kinyonga ni mkia wa kinyonga. Mfereji wa ndani ya bua ndio alama inayotajwa zaidi: ukilikata bua la mbuni kwa upana utaona upande wa ndani una mfereji mrefu wenye umbo la U, kama bua la selari. Ni alama nzuri, lakini peke yake haitoshi, kwa kuwa kangaga jike nalo lina kijifereji. Nataka alama nne zikutane pamoja: mfereji uwe wa kina, bua liwe laini na la kijani, bila manyoya wala magamba yaliyogandia, maganda ya kahawia yawe mepesi kama karatasi na yatoke kwa kupanguswa, na katikati ya kisiki kuwe na vijiti vikavu vya mwaka jana.

Vijiti hivyo ndivyo siri ya mmea huu. Kangaga mbuni lina makuti ya aina mbili. Ya kijani hufa na baridi, lakini katikati hutoa makuti mafupi magumu, ya nusu mita hivi, rangi ya kahawia, yenye sura ya unyoya uliokaushwa. Hayo ndiyo yanayobeba spora, yaani chembe ndogo za kuzalia. Yanasimama majira yote ya baridi juu ya theluji na kumwaga spora zake mwanzo wa machipuko. Jike, dume na la tai hawana kitu kama hicho. Wao hubeba spora mgongoni mwa makuti ya kawaida.

Ukiona chipukizi lina manyoya meupe au ya dhahabu kama limefungwa pamba, hilo ni kabila lingine kabisa la msituni, liache. Likiwa na magamba meusi membamba yanayong'ang'ania bua, huenda ni jike. Kuna wanaolila jike. Mimi silili, na sikushauri. Mwongozo wote wa usalama wa huku umeandikwa kwa ajili ya mbuni, na sioni sababu ya kuazima dakika 15 za mmea mmoja kuupikia mwingine.

Dume lina historia ya kutosha kukukimbiza. Shina lake la chini lilitumika Ulaya kwa karne nyingi kutoa tegu tumboni. Mwaka 1775 mfalme Louis XVI wa Ufaransa alinunua siri ya dawa hiyo kutoka kwa mjane wa Uswisi, Madame Nouffer, kwa livre 18,000, fedha ya Ufaransa ya wakati huo. Tegu walitoka kweli. Lakini kipimo kikizidi, dawa ile ile ilipofusha macho na hata kuua, na dawa za kisasa zilipopatikana waganga waliiacha bila majuto. Nalisema hili kwa sababu kuna mitishamba inayouzwa mtandaoni kwa jina lake. Lipande, litazame, ulinywe hapana.

Na la tai? Hapa naomba msomaji wa nyanda za juu za nyumbani anisogelee. Wajapani wanalila na kuliita warabi, Wakorea wanaliita gosari, na duka lolote la vyakula vya Asia utalikuta limekaushwa. Wao huliloweka kwenye maji ya moto yenye majivu au magadi, wakayamwaga, wakachemsha tena. Hilo linapunguza sumu sana. Haliimalizi kwa namna ya kuapia. Mmea huu una kemikali iitwayo ptakilosidi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Tofauti yake na mbuni ni hii: ukikosea mbuni, tumbo linakuambia usiku ule ule. La tai halikuambii kitu.

Ng'ombe ndiye anayeeleza. Akila kangaga hili kwa muda mrefu anaanza kukojoa damu, kibofu kinaota uvimbe, uboho unashindwa kutengeneza damu. Farasi wanapungukiwa vitamini B1 na kuyumba kama walevi. Sumu hupita hata kwenye maziwa. Kwa hiyo mfugaji anayewazuia ng'ombe wake wasiingie kwenye makangaga wakati wa kiangazi, majani mengine yanapokwisha, hafuati ushirikina. Mama alipokuwa akinishangaa alikuwa na sababu nzito kuliko yeye mwenyewe alivyojua.

Ameniomba mbegu za hilo "linaloliwa". Nimemkatalia. Kangaga mbuni linahitaji usingizi wa baridi ya kweli kila mwaka. Lushoto kuna baridi ya kuvaa sweta, si ya kugandisha mto. Tena mimea haibebwi kwenye sanduku kuvuka mipaka bila kibali.

Ukishachagua

Kama kiwanja chako kina bonde au bomba la paa linamwaga maji mahali pamoja, na una nafasi, na unataka kula, chukua mbuni. Panda mwanzo wa machipuko, kichwa cha shina kikae sawa na uso wa udongo, kisifukiwe, na umbali wa sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche. Tandaza majani makavu. Kisha subiri. Miaka mitatu ya kwanza usikate hata chipukizi moja, maana kila mkia unaokula ni kuti ambalo halitalisha mizizi. Baada ya hapo kata yaliyo chini ya sentimita 15 kutoka ardhini na yamejikunja barabara, usizidi nusu ya kisiki kimoja, na ukishakata mara moja usirudi tena kwenye kisiki hicho mpaka mwakani. Mimi huchukua matatu tu. Dirisha ni la siku chache. Ukisafiri wikiendi moja, umelikosa.

Wanaotaka kuchuma mtoni badala ya kupanda, ombeni ruhusa kwa mwenye ardhi, na katika hifadhi za taifa msikate kitu. Epukeni kando za barabara na mahali palipopuliziwa dawa. Na vaeni suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, kwa sababu kupe wa huku wanaambukiza ugonjwa wa Lyme na msimu wao unaanza kabla ya mboga. Sisi tuliokulia na kupe wa ng'ombe tunawadharau hawa kwa udogo wao. Msiwadharau.

Kama una kivuli chenye unyevu kiasi na sehemu ndogo, chukua jike. Kama ni kavu chini ya mti, dume. Kuchanganya mbuni na jike kitanda kimoja kunapendeza sana Julai, lakini nakusihi usifanye hivyo ikiwa unakusudia kula, maana Mei utakuwa umeinama juu ya mikia ya kinyonga ishirini ukijiuliza nani ni nani. Mimi nimeyatenga: majike mbele ya dirisha la jikoni, mbuni nyuma karibu na mfereji wa maji ya paa.

Kazi ya kuyatambua siifanyi Mei. Naifanya Oktoba mwishoni, makuti ya kijani yakishaanguka. Naenda na mkasi na vipande vya khanga kuukuu, na kila kisiki chenye vile vijiti vya kahawia vilivyosimama katikati nakifunga kipande kimoja. Theluji inafunika, inayeyuka, maji yanapita. Machipuko yakija natafuta khanga kwanza, chipukizi baadaye, na kisiki kisicho na kitambaa sikikati hata kingekuwa kinafanana namna gani.